Kiuno cha Kifungo

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Maana ya methali hii si ngumu. Mzazi anayeogopa machozi ya mtoto, akawa kila mtoto akifungua kinywa yeye humtilia kitu ili anyamaze, siku moja atakaa chini alie yeye, na siku hiyo hatatokea wa kumtilia kitu kinywani. Watu wakiisikia methali hii hugeuka kuwatazama watoto wao. Lakini kulikuwa na nyumba moja ya ghorofa moja, yenye ngazi ya saruji mbele na ua nyuma, ambayo wapangaji wake walifundishwa methali hii na mbwa.

Mbwa mwenyewe aliitwa Kifungo. Alipata jina hilo siku aliyoletwa, angali mdogo kama soksi iliyokunjwa, alipomeza kifungo cha koti la mteja na kukaa nacho tumboni siku mbili. Aliyemlea alikuwa fundi cherehani wa chini, mama wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Sindano. Miwani yake ilifungwa kwa uzi mweusi, na tepu ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata wakati wa kula. Sebule yake ndiyo ilikuwa karakana: cherehani dirishani, vitambaa kwenye rafu, na mumewe, karani mstaafu wa posta, kwenye meza ya kupigia pasi.

Kifungo alikuwa na kosa moja tu, ila lilikuwa kubwa kuliko yeye. Alikuwa akibweka. Mteja akigonga, anabweka. Mteja akiingia, anabweka. Mteja akitoka, anamsindikiza kwa kubweka hadi barabarani. Mama mmoja alipimwa gauni akiwa amesimama juu ya kiti, mabega yamempanda hadi masikioni, na gauni lilipokwisha likawa halimtoshi mahali popote ila pale kitini.

"Ni mlinzi huyu," Bi Sindano alikuwa akisema. "Kuna watu wananunua kengele. Mimi yangu inakula biskuti."

Mambo yaliharibika asubuhi moja ilipopenya barua chini ya mlango. Mwandiko ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula, na maneno mazito yalipigiwa mstari kwa wino mwekundu. Ilitoka juu, kwa Mwalimu Kengele. Mzee huyu alikuwa amestaafu ualimu, na kwa miaka thelathini shuleni kwake yeye ndiye aliyekuwa wa nidhamu na wa kugonga kengele. Hadi leo aliamka, alikula na kulala kwa saa.

"Bibi," barua ilisema, "saa sita na nusu ndio wakati wangu wa kujinyoosha kitandani. Kila siku wakati huo mbwa wako hubweka uani, chini ya dirisha langu. Umemdekeza. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Nakala kwa mwenye nyumba."

Mwenye nyumba alikuja kesho yake. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole, na maneno yake yalikuwa machache kama funguo zake zilivyokuwa nyingi.

"Fundi, mimi sina ugomvi na mbwa," alisema. "Lakini Mwalimu amekaa kwangu miaka kumi na mitano, hajawahi kuniletea neno. Nakupa wiki mbili. Jumamosi ya pili nitakuja saa hiyo hiyo ya sita na nusu, nisikilize kwa masikio yangu. Nikisikia kelele, Kifungo aende kwa kaka yangu kule kwenye matanuri ya matofali. Huko abweke mpaka matofali yaive."

Siku hiyo Bi Sindano alishona mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia. Hakuwahi kufanya hivyo tangu alipokuwa mwanagenzi.

"Mama watoto," mumewe alisema akiutazama ule mkono, "huyu mbwa anahitaji mkufunzi. Na gauni hili linahitaji mtu mwenye kiwiko mgongoni."

Ndipo mteja mmoja alipowaelekeza kwa mkufunzi wa mbwa, anayekwenda kufundisha majumbani. Walikubaliana kazi ilipwe kwa kazi: akija, atashonewa aproni ya mifuko kumi. Bi Sindano hakuwahi kumwona mkufunzi wa mbwa maishani mwake, kwa hiyo alijichorea mwenyewe: jitu la miraba minne, buti hadi magotini, mjeledi mkononi, sauti ya kupasua nazi. Siku ya kuja kwake alificha vikombe vya udongo kabatini. Mumewe alivaa koti zito, na jua lilikuwa kali.

Mlango uligongwa. Kifungo akapasuka kwa kubweka. Kizingitini alisimama binti mwembamba kama sindano ya mashine, mfuko wa kitambaa begani.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Mkufunzi yuko nyuma?"

"Nyuma yangu kuna baiskeli tu, mama. Mkufunzi ni mimi."

Alikaribishwa kiti, akakaa. Akapewa maji, akanywa. Kisha akatazama. Akamtazama Kifungo, akautazama mlango, akatazama cherehani, akamtazama Bi Sindano kwa muda mrefu zaidi kuliko mbwa. Mbwa mwenyewe hakumgusa. Saa ya ukutani ilizunguka robo nzima.

"Huyu amekuja kufundisha au kufundishwa?" karani alimnong'oneza mkewe, jasho likimtiririka ndani ya koti.

Bi Sindano hakuweza kuvumilia. "Binti yangu, fimbo uliiacha kwenye baiskeli?"

"Sina fimbo, mama. Fimbo humfundisha mbwa kuiogopa fimbo, basi. Anakula nini?"

Akauliza maswali kama daktari. Anakula nini, nani anampa, analala wapi, saa ngapi anatoka uani. Halafu akamwomba karani atoke nje na agonge mlango.

Karani akagonga. Kifungo akabweka. Mkono wa Bi Sindano, bila mwenyewe kuutuma, ukaingia mfuko wa aproni, ukavunja kipande cha biskuti, ukakirusha. Kifungo akadaka, kimya. "Tena, baba," mkufunzi alisema. Karani akagonga tena. Kubweka, mfuko, biskuti, kimya. Mara ya tatu mambo yakawa yale yale, na mara hii Kifungo alianza kuutazama mfuko kabla hajamaliza kubweka.

"Mama, unapenda vitendawili?"

Uso wa Bi Sindano ulikunjuka. Watoto wa mtaa huo walikuwa hawapimwi sare bila kutegewa kimoja. "Vitendawili ndivyo vilivyonilea, mwanangu."

"Kitendawili."

"Tega."

"Nina mfanyakazi. Kila nikitaka aache kazi, ndipo ninapomlipa mshahara."

Bi Sindano alifikiri. Akasema cherehani. Siyo. Akasema mvua. Siyo.

"Karani wa posta," mumewe alipaza sauti kutoka nje ya mlango, ambako hakuna aliyekumbuka kumfungulia.

"Siyo, baba. Mama, nipe mji."

"Chukua huu huu tunaokaa. Niachie cherehani tu."

"Nimeuchukua, nikaenda nikatawala, watu wangu wote wakawa hawalali kwa kelele. Jibu ni mbwa wako. Unampa biskuti ili anyamaze, lakini yeye anajua amelipwa kwa kubweka. Miaka mitatu huyu amefanya kazi kwa bidii, hajakosa hata siku moja."

Bi Sindano alimtazama Kifungo. Kifungo aliutazama mfuko.

Masharti yakawa mepesi kuyasema. Akibweka, hapewi kitu, wala hatazamwi, wala haambiwi 'nyamaza', maana hata kuambiwa nyamaza ni maongezi. Akinyamaza, hapo ndipo anapata. Na wote walio karibu naye wafuate hivyo hivyo, kwa sababu mlipaji mmoja tu akibaki, kazi itaendelea.

"Na ujiandae, mama," mkufunzi alimaliza akipanda baiskeli. "Itazidi kabla haijapungua. Mfanyakazi akikosa mshahara haondoki siku ya kwanza. Kwanza huja kupiga meza."

Kifungo alikuja kupiga meza. Siku ya kwanza alibweka mpaka sauti ikakauka. Karani alijaza pamba masikioni na kupiga pasi kwa furaha. Siku ya pili mbwa alibadilisha mbinu. Aliacha kubweka akaanza kulia, sauti nyembamba kama mlango usiotiwa mafuta, huku ameweka kidevu juu ya kiatu cha Bi Sindano, macho yake yakisema kwamba yeye ni yatima, na kwamba hata yatima wengine humhurumia. Bi Sindano alishona mstari mmoja. Akashona wa pili. Kabla ya wa tatu alifungua droo ya vipande vya vitambaa, akatoa biskuti aliyokuwa ameificha humo, akampa chini ya meza kama anayepitisha magendo.

Mkufunzi aliporudi siku ya nne alikaa, akatazama, akasema, "Ilikuwa siku ya pili, mchana."

"Nani amekwambia?"

"Yeye mwenyewe. Akilia anatazama droo. Mbwa hana siri, mama."

Bi Sindano aliona haya hadi kwenye nyusi. Alivua aproni, akaiweka chini ya sindano ya cherehani, na akaushona mfuko wake mdomo, mishono miwili, uzi maradufu. Kisha akamimina biskuti zote ndani ya bati na bati akaliweka juu ya kabati, mahali ambapo mtu hufika kwa kiti na kwa aibu.

Baada ya hapo mlango ukapona. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza mteja aligonga, na Kifungo akaenda kukaa mkekani pake, mdomo umefungwa, kifua mbele, kama karani mpya siku ya ukaguzi. Yule mama wa gauni la kitini alipimwa upya, mara hii akiwa sakafuni, na mabega yake yakaonekana mahali yalipo.

Lakini uani, saa sita na nusu, kazi iliendelea. Wakati huo Bi Sindano hufunga karakana kula, karani husinzia na redio yake, na Kifungo hutolewa uani. Na kila siku, chini ya dirisha la Mwalimu Kengele, hubweka. Si sana. Mara tatu, kimya, mara tatu tena, halafu kimya kirefu. Akitoka Bi Sindano, anamkuta amekaa, analamba midomo.

"Mpime kiuno," mkufunzi alisema siku ya kumi.

"Nani?"

"Kifungo. Ulimpima wiki iliyopita?"

Fundi gani asiyepima? Wiki iliyopita alikuwa inchi ishirini na mbili. Sasa Bi Sindano alizungusha tepu, akasukuma miwani juu, akazungusha tena. Ishirini na nne. Mbwa aliyepunguziwa biskuti alikuwa amenenepa kama bwana harusi.

Macho yake yalimgeukia mumewe polepole.

"Mama watoto," karani alisema, akaweka pasi chini, "mimi nimelala na barua za watu miaka thelathini, sikufungua hata moja. Nitafungua bati la biskuti?"

Bi Sindano alimpima na yeye kiuno, kwa usalama. Kilikuwa kile kile.

"Basi kuna mlipaji mwingine," mkufunzi alisema. "Jumamosi nitakuja mapema."

Ijumaa Bi Sindano alifua mkeka wa Kifungo, akaukausha, akaukunja ndani ya mfuko. Alikata mabaki ya kitambaa kizito na kumshonea koti dogo lenye vifungo vitatu, kwa kipimo chake cha kabla hajanenepa, kwa sababu kwenye matanuri ya matofali, moto ni wa matofali, si wa mbwa. Hakutega kitendawili siku nzima. Mtoto wa jirani aliyekuja kuchukua sare alisubiri, akasubiri, mwisho akaondoka na sare yake akiwa na wasiwasi.

Jumamosi, saa sita na dakika ishirini, mwenye nyumba alifika. Bi Sindano alikuwa ameanika mashuka uani tangu asubuhi, na mkufunzi aliyatazama mashuka yale kwa namna alivyotazama kila kitu.

"Mama mwenye nyumba, naomba sote tusimame nyuma ya haya."

"Mimi nijifiche kwenye nyumba yangu mwenyewe?"

"Ukitaka kumjua mfanyakazi, mtazame anapofanya kazi. Ukitaka kumjua mlipaji, usisimame mbele yake."

Wakajipanga wanne nyuma ya mashuka mabichi: mwenye nyumba na funguo zake amezibana kwapani zisilie, mkufunzi, karani, na Bi Sindano aliyekuwa ameikamata tepu kwa mikono miwili.

Kifungo alitolewa. Alijinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma. Akaenda moja kwa moja hadi chini ya dirisha la juu, akakaa. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akabweka mara tatu. Akasubiri. Akabweka mara tatu.

Mwenye nyumba alivuta pumzi kusema neno, na Bi Sindano akafumba macho.

Dirisha likafunguka.

Ukatoka mkono. Ulikuwa na mkono wa pajama wenye mistari ya buluu, na Bi Sindano, aliyefumbua jicho moja, hakuhitaji kuona uso. Ile pajama aliishona mwenyewe, na mteja alikuwa amemrudishia mara mbili ili mistari ya mkono ilingane na ya kiwiliwili. Vidoleni palining'inia kipande kinono cha nyama ya kuchemsha.

"Haya, mjukuu wangu, shika," sauti ilisema kutoka juu, laini kama pamba. "Sasa nyamaza, babu alale. Na leo mwenye nyumba anakuja kusikiliza. Usije ukaniaibisha."

Kifungo akadaka. Shuka likavutwa chini, na funguo zote zikalia kwa pamoja.

"Mwalimu," mwenye nyumba alisema.

Kichwa kilichungulia, kikarudi ndani upesi. Mkono haukurudi.

"Mwalimu, mkono wako umebaki nje."

Alishuka ngazi taratibu, mkono mmoja ukishika ukuta na mwingine ukishika suruali ya pajama isimwache njiani. Mwanamume aliyetetemesha shule nzima kwa kukohoa tu alisimama uani mbele ya watu wanne na mbwa mmoja, na mbwa peke yake ndiye aliyekuwa upande wake.

"Nilitaka anyamaze tu," alisema.

"Tangu lini?" mkufunzi aliuliza.

"Miezi mitano. Siku moja alilia kidogo hapo chini. Nikaona, mtoto wa watu, ana njaa. Nikamtupia mfupa. Kesho yake akaja kunikumbusha."

"Na barua ulituandikia ya nini?" karani aliuliza.

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Mfupa ulimchosha, akataka nyama. Nikampa nusu. Wiki niliyoandika barua alikuwa ameanza kubweka mpaka apewe na nusu yangu."

Bi Sindano alikuwa tayari amevua tepu shingoni. Hakuomba ruhusa, fundi haombi. Alimzungushia Mwalimu kiunoni, akasoma, akasoma tena, na kicheko kikamtoka kama mpira uliokuwa umeshikiliwa majini wiki mbili.

"Inchi mbili," alisema. "Kiuno hiki nilikishonea mwenyewe, nakijua. Zimepungua inchi mbili. Ndizo hizo zimevaliwa na Kifungo."

Mwenye nyumba hakucheka, ila tumbo lake lilitikisika. Alifungua mkoba akatoa nakala ya barua, akamkabidhi Mwalimu.

"Wewe ni mwalimu. Sahihisha."

Mwalimu Kengele alitoa kalamu nyekundu mfuko wa pajama, maana hata akilala hulala nayo. Alisoma barua yake mwenyewe kuanzia juu. Alipofika kwenye methali alisimama hapo kwa muda. Kisha akaandika chini: mbili kwa kumi, na hizo mbili ni za mwandiko.

"Kifungo anabaki," mwenye nyumba alisema. "Mkufunzi, una mwanafunzi mwingine huyu hapa. Umpe masharti."

Masharti yalikuwa yale yale, siku tatu. Mchana wa kwanza Kifungo alibweka chini ya dirisha lililofungwa, na juu kulisikika mto ukibanwa masikioni. Mchana wa pili aliacha kubweka akaanza ule mlio wa mlango usiotiwa mafuta. Bi Sindano, akiwa chini, aliushika mfuko wake ulioshonwa na kusema kimoyomoyo, vumilia, Mwalimu, nami nilipita hapo. Baada ya muda wakasikia mtu anapenga kamasi. Karani alipanda kumjulia hali.

Alimkuta ameketi nyuma ya dirisha, sahani ya nyama mapajani haijaguswa, miwani mkononi, machozi yanamshuka hadi kwenye mistari ya buluu.

"Ni vitunguu," Mwalimu alisema.

"Vitunguu viko wapi?" karani aliuliza. "Nyama imechemshwa peke yake."

"Basi niache nilie."

Mchana wa tatu, saa sita na nusu, Kifungo alikaa chini ya dirisha, akatazama juu, akafungua kinywa. Akakifunga. Akajilaza. Ulikuwa ukimya wa kwanza uani baada ya miezi mitano, na katika ukimya huo Mwalimu alishuka kwa ndara, akainama kama alivyofundishwa, akampa kipande kimoja kidogo kwa sababu alikuwa amenyamaza. Kilichobaki alikila yeye mwenyewe, amekaa kwenye ngazi, na ndicho chakula cha mchana cha kwanza alichokimaliza tangu huo mfupa.

Mkufunzi aliondoka na aproni ya mifuko kumi, na Bi Sindano akamzawadia kitendawili cha kwendea nacho njiani. Lile koti la matanuri alimvisha Kifungo siku ya mvua. Kifungo cha kati kilikataa kufunga kwa miezi miwili, mpaka inchi za watu ziliporudi kwa wenyewe. Na siku hizi mtu akimwendea Mwalimu Kengele kulalamika kwamba mwanawe amekuwa mkaidi, hamwandikii barua. Humkaribisha dirishani, humwonyesha mbwa aliyelala uani, na humweleza pole pole kwamba wahenga hawakutaja mwana huyo ni wa nani, wala ana miguu mingapi. Walisema tu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.